Hesabu ya Jina la Yustina

Mwezi uliopita nilirudi Sumbawanga kumzika Bi Zuhura. Nilitoka Mbeya alfajiri na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshuka stendi, safari ambayo mara ya kwanza ilinichukua siku mbili juu ya magunia ya chumvi. Baada ya maziko wajukuu wake walikaa sebuleni kupanga vitu vya marehemu, na mmoja wao, kijana mpole aliyesomea dini, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Nilikijua kitabu kilichokuwamo kabla hajafungua kitambaa chake. Kijana akapekua kurasa mbili tatu, akaona ile miraba iliyojaa namba, akakifunga haraka kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Akasema hiki ni ushirikina mtupu, kichomwe leo leo. Mwenzake akasema hapana, ni ukumbusho wa babu yao, mume wa marehemu. Wakanigeukia mimi kwa sababu ndimi niliyebaki wa zamani. "Bibi, wewe uliishi na babu humu ndani. Ni kweli kitabu hiki kiliwahi kuua mtu?" Nikawaambia hakikuua mtu. Hawakuuliza zaidi, wala mimi sikuongeza neno. Nikanywa chai yangu. Nimekuwa nikinywa chai namna hiyo kwa karibu miaka hamsini, na sasa Bi Zuhura ameondoka, aliyekuwa akijua nusu ya habari. Hii hapa yote.

Nilikuwa na miaka ishirini, mhudumu wa afya niliyetoka chuoni miezi michache tu, na nilipangiwa zahanati ya kijiji kipya nje ya mji wa Sumbawanga. Ulikuwa wakati wa Operesheni, watu wakihamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya mbalimbali na kuwekwa pamoja kwenye vijiji vilivyopimwa kwa kamba, nyumba zikiwa mistari kama madawati ya shule. Kijijini hapakuwa na nyumba ya mtumishi, kwa hiyo nilipanga chumba mjini kwa Maalim Idi, nikawa nakwenda kazini kila asubuhi kwa baiskeli ya zahanati. Maalim alikuwa mtu wa Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, fundi cherehani aliyeshona barazani na kufundisha Kurani watoto wachache wa Kiislamu wa mtaa ule. Mkewe, Bi Zuhura, alimzidi kwa sauti na kwa ujana. Chumba changu kilipakana na sebule yao, na ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye bati, uliishia kichwani mwa mtu mrefu. Kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia kana kwamba nimekaa nao mkekani. Nilikula kwao pia. Bi Zuhura alipika ugali wa ulezi, ule mweusi wa Wafipa, lakini mboga aliipika kwa mkono wa ziwani, samaki wakavu wa migebuka kwenye mafuta ya mawese mpaka mchuzi unakuwa mwekundu kama udongo wa barabara. Mimi Mnyakyusa niliyezoea ndizi nilijifunza kula chakula kile katika wiki moja, kwa sababu ya baridi. Upepo wa uwanda ule wa Ufipa hauna kitu cha kuuzuia. Unaingia kwenye mifupa, na mtu anakuwa na njaa saa zote.

Kitabu nilikiona mara ya kwanza siku ya Alhamisi, alasiri. Maalim alikuwa ametawadha, amekaa juu ya ngozi ya mbuzi, na kitabu kiko mbele yake kwenye kibao. Jalada la ngozi, karatasi za rangi ya chai, maandishi meusi na mahali pengine mekundu. Palikuwa na duara za nyota, palikuwa na herufi zilizoandikwa mojamoja bila kushikana, na palikuwa na miraba, mingi, kila mraba umegawanywa kama dirisha la nondo na kila tundu lina namba. Nikamwuliza kinasema nini. Maalim hakuwa mtu wa kuficha. Aliniambia kitabu hicho kilitungwa karne nyingi nyuma huko Maghribi, kaskazini mwa Afrika, na wanazuoni walioamini kwamba kila herufi ya majina ya Mungu ina namba yake, na kila namba ina siri yake. Kikanakiliwa kwa mkono, kikaenda Misri, kikashuka pwani, na babu yake akakinakili Ujiji kwa miaka miwili, ukurasa kwa ukurasa. "Nusu yake ni dua, mwanangu," alisema. "Robo ni nyota na saa zake. Robo iliyobaki babu aliniapisha nisiifanyie kazi."

"Kuna nini humo?"

"Ya kumtenganisha mtu na mumewe. Ya kumdhoofisha mtu akiwa mbali. Wengine waliandika ili mambo yajulikane, sisi tunasoma ili tuyatumie. Ndiyo maana nikaapishwa."

Alichotumia ni kidogo. Mama akimleta mtoto mwenye homa, Maalim aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaosha maandishi yale kwa maji, akampa mtoto anywe. Hilo ndilo kombe. Wajawazito aliwaandikia hirizi. Watu waliotaka kuoana aliwapigia hesabu ya majina, kuona kama nyota zao zinapatana. Wakristo walikuja pia, wakiwamo watumishi wa serikali kutoka kwetu Mbeya, ila wao walipitia mlango wa uani na kuniangalia kwa aibu wakinikuta nafua. Mimi niliyefundishwa kuchemsha maji na kuhesabu vidonge nilikuwa nacheka moyoni. Lakini lazima niseme haki yake: kila mama aliyemnywesha mtoto kombe Maalim alimwambia, "Sasa mpeleke hospitali." Bi Zuhura ndiye aliyekiogopa kitabu. Niliwasikia juu ya ukuta. "Kitoe humu, baba. Mji huu wenyewe watu wanasema jina lake maana yake ni tupa uchawi, na wewe umeuleta kwenye sanduku." Naye akajibu, "Uchawi sina. Nina karatasi." Mkewe akasema, "Watu hawajui tofauti."

Kijijini nilikuwa peke yangu, mganga wa zahanati akiwa ameitwa mafunzoni. Wa kwanza kunifanya nijione mtu pale alikuwa mama mmoja wa Kifipa aliyeitwa Yustina, mjane asiye na mtoto, mwenye kidonda kwenye mguu ambacho nilikisafisha kila wiki. Alikuwa wa mwisho kuhama. Mgambo walipoezua nyasi za nyumba yake ya zamani alikaa ndani ya kuta akila maharage yake hadi walipomwinua. Siku alipofikishwa kijijini alisimama mbele ya watu akasema, "Mmetubana kama kuku. Mtazika watoto hapa." Lilikuwa neno la hasira, na wakati ule watu walicheka. Kwangu alikuwa mcheshi. Alinifundisha maneno ya Kifipa na kuyacheka matamshi yangu, akaniletea maharage kwenye kikapu, akaniita mwana wa Mbeya. Kijiji kilikuwa na Yustina wanne, maana mapadre walibatiza wengi kwa majina yaleyale, na dawa zilikuwa zinataka kuchanganyika. Basi kwenye rejista nikaanza kuongeza jina la mama wa kila mmoja. Nilipomwuliza yeye, alitazama mguu wake. Akasema, "Jina hilo sijalitamka tangu nimzike. Waliolijua wote wamekufa." Kisha akanitajia, nami nikaliandika. Humu siliandiki.

Mwezi wa tatu, Ijumaa moja, gari la wilaya lilileta chanjo ya surua, sanduku lenye barafu. Nikahamishia chupa kwenye jokofu la zahanati, lile la mafuta ya taa, ambalo moto wake uko chini na lazima uangaliwe kila siku: kujaza mafuta, kukata utambi, kuona kwamba unawaka bluu. Niliyajua hayo vizuri, na nilijua kwamba chanjo ikipata joto hufa. Nilijaza mafuta nikarudi mjini. Jumamosi mvua ilinyesha. Jumapili ilikuwa maulidi, na nyumba ya Maalim ilijaa watu kutoka ziwani, kuna pilau, kuna nyama ya mbuzi, Bi Zuhura amenivalisha kanga mpya na kunikalisha na wanawake jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikusikia baridi. Jumatatu nilisema nitakwenda, nikaona mawingu, nikabaki kula makombo ya pilau. Jumanne nilipofungua jokofu mkono wangu ulipokewa na hewa ya vuguvugu. Moto ulikuwa umezimika, sijui tangu lini. Chupa zilikuwa zimepangwa vilevile, unga mweupe ndani yake haukubadilika hata kidogo. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Kulikuwa na fomu ya kujaza na barua ya kuandika wilayani, na mimi nilikuwa katika miezi ya majaribio. Nikakata utambi, nikawasha moto, na Alhamisi nikachanja watoto wote wa kijiji waliofika umri. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye msimamo, aliitisha mkutano na kumtoa mwanawe wa kike wa miaka mitatu awe wa kwanza, ili wengine wasiogope. Mtoto hakulia. Watu wakapiga makofi.

Surua iliingia kabla ya mavuno. Nyumba zimekaribiana, watoto wanalala pamoja, ilipita mstari baada ya mstari. Niliwapaka watoto dawa machoni, niliwapa maji kwa kijiko, nilituma taarifa wilayani na gari halikuja kwa sababu ya matope. Walikufa saba. Watano kati yao nilikuwa nimewachanja kwa mkono wangu, na mmoja wa hao watano ni yule mtoto wa mwenyekiti. Nilikuwepo alipokata roho, saa nne asubuhi, mgongoni mwa mama yake aliyekuwa bado anatembea naye huku na huko akimwimbia. Baba yake alinishika bega nje ya nyumba. "Sista," aliniuliza, "si ulimchanja? Niliona kwa macho yangu." Nikasema nilimchanja. "Basi kwa nini?" Akanijibia mwenyewe, taratibu, kama mtu anayenisaidia. "Kuna mtu ameharibu sindano zako." Ningeweza kusema neno moja wakati ule. Nilitikisa kichwa, na mpaka leo sijui kama nilikitikisa kukataa au kukubali.

Siku ya tatu mwenyekiti alikuja kwa Maalim na wazee wawili. Nilikuwa chumbani mwangu nashona kifungo, ni mchana, mvua imekatika. Nilimsikia akisema kila kitu. Wakristo wote watatu, na mmoja wao katekista, wakikaa sebuleni kwa Mwislamu kwa sababu walisikia ana kitabu kinachojua.

"Sipigi bao la wachawi," Maalim alisema. "Nilikwisha apa."

"Maalim, nimezika mtoto. Wenzangu hawa wamezika. Kuna mwanamke alisema mbele ya watu wote kwamba tutazika watoto. Wewe tuambie tu kama nyota yake ni mbaya. Hatutaki zaidi."

"Nyota haiui mtoto."

Mwenyekiti alibadilisha sauti, ikawa ya ofisini. Akamkumbusha kwamba serikali haipendi waganga wa ramli, kwamba yeye Maalim ni mtu wa kuja, kwamba hirizi zake zinajulikana hadi kwa mkuu wa wilaya. Nikamsikia Maalim akinong'ona aya fupi. Kisha akasema, "Sawa. Lakini hesabu haifanyiki kwa jina la mtu peke yake. Nataka na jina la mama yake. Bila la mama, kitabu hakifunguki." Walipoondoka nilimsikia akimwambia mkewe kwa furaha ndogo, kama mtu aliyeruka shimo: "Yule mama ni mzee, hana ndugu. Watalitoa wapi? Nimewafunga."

Mwenyekiti alikuja zahanati kesho yake asubuhi. Hakunitisha. Alisema anataka kuona rejista, kuna blanketi zitakuja za wazee, anakagua majina. Mimi nilikuwa nimesikia yote juu ya ukuta. Nilijua anachotafuta, na nilijua kilipo, ukurasa wa nne, mstari wa sita. Nimejiuliza maisha yangu yote ni nini kilichokuwa kichwani mwangu dakika ile, na jibu si kwamba niliogopa, ingawa niliogopa. Ni kwamba nilipata nafuu. Siku nyingi nilikuwa nimebeba lile jokofu kifuani, na hapa amesimama mtu ananiomba nimpe pa kulitua. Nikafungua rejista ukurasa wa nne, nikaiweka mezani, nikatoka nje kwenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji. Niliporudi alikuwa ameondoka, na rejista imefungwa vizuri.

Alasiri ile walirudi kwa Maalim. Bi Zuhura aliniita nisaidie kupeleka chai, kwa hiyo safari hii niliona. Mwenyekiti alitoa karatasi mfukoni na kusoma jina la Yustina, kisha la mama yake. Maalim aliinua uso taratibu. Hakunitazama, lakini niliona amejua. Ahadi yake ilikuwa imemshika. Akafungua kitabu, akaandika majina yale mawili kwa herufi za Kiarabu, chini ya kila herufi namba yake, akajumlisha, akaondoa kumi na mbili kumi na mbili, midomo ikichezacheza. Alirudia mara mbili. Nadhani alikuwa anaomba Mungu pabaki kitu kingine. Zilibaki nane.

"Ya nane ni nini?" katekista akauliza.

"Ni burji tu, kundi la nyota, kama—"

"Inaitwaje, Maalim?"

"Akrabu."

Katekista hakulielewa neno. Mwenyekiti alilielewa, alikuwa ameishi pwani. "Nge," akasema. Akasimama. Wote wakasimama.

"Nge si uchawi!" Maalim alipaza sauti, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Watu elfu wana nyota hiyo! Mimi mwenyewe nyota yangu ni Akrabu! Kaeni, nisomeeni majina yenu, mtaona!" Walikuwa wamekwisha fika barabarani. Chai zao zilibaki zinafuka. Bi Zuhura alianza kuzikusanya, kikombe kimoja kikamponyoka kikavunjika, na hakuna aliyeinama kukiokota.

Hawakumpiga, hilo watu wa kijiji walilisema baadaye kama sifa. Waliezua nyasi za nyumba yake kwa namna ileile mgambo walivyoezua ile ya kwanza, wakaweka vyungu vyake njiani, wakamwambia arudi alikotoka. Nilipofika kazini asubuhi nilikuta kuta tu. Niliuliza, watu wakaendelea na shughuli zao. Nilijua yuko wapi, na haikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwa mguu. Lakini nilikwenda siku ya nne, si ya kwanza, na sikwenda kwa akili yangu. Bi Zuhura ndiye aliyenishika mkono asubuhi moja akasema, "Mwanangu, twende tukamwone yule mama," akatangulia na kibakuli cha uji kwenye kanga. Njia nzima ilikuwa nyasi na upepo. Tulimkuta ndani ya kuta zake za zamani zisizo na paa, amekaa kwenye kona, kikapu kichwani kuzuia mvua iliyokuwa imekatika. Alikuwa anapumua kwa mbavu. Tulimbeba kwa kupokezana mpaka barabarani, tukapata mkokoteni wa ng'ombe, na nilimlaza zahanati kwenye kitanda cha kujifungulia kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Nilimchoma penisilini. Mchana wa siku ya pili alifungua macho, akanitambua, akanishika kidole.

"Mwana wa Mbeya," akasema, "walilisoma jina la mama yangu barabarani, mbele ya watoto. Nilikuambia wewe peke yako."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anataka kuelewa, kama unavyomwuliza mtu aliyekuacha stendi. Nilimwambia apumzike. Hilo ndilo nililomwambia. Alinitazama kidogo tena, kisha akageuza uso kwenye ukuta, na hakuwa amenigeukia tena alipofariki kabla ya jua kuzama. Tulimzika sisi wanne, mimi, Maalim, mkewe na mwenye mkokoteni, pembeni ya kuta zake, na kwa kuwa hapakuwa na wa kusoma sala ya Kikatoliki nilisoma ile ya kanisa letu la Moravian niliyoikumbuka, nikakosea katikati.

Nilimwambia Maalim njiani tulipokuwa tunarudi. Kuhusu rejista nilimwambia, kuhusu jokofu sikumwambia. "Nilijiona mjanja," alisema. "Nilidai kitu nikidhani hakipo, badala ya kusema hapana na kukaa kwenye hapana yangu. Njia niliifungua mimi. Wewe uliwasindikiza." Tangu siku ile hakupiga tena hesabu ya jina la mtu yeyote. Kombe aliendelea kuandika. Bi Zuhura alinipakulia chakula kama zamani, ila hakuniita tena jikoni kukaa naye.

Kiangazi kilipoingia gari la wilaya lilileta sanduku jingine la chanjo. Safari hii nilihamia zahanati. Nilitandika mkeka karibu na jokofu, nikajaza mafuta asubuhi na jioni, nikakata utambi kwa wembe, na moto haukuzimika hata mara moja. Nikachanja watoto waliobaki na wale waliozaliwa. Surua ilizunguka vijiji vya jirani mwaka ule, na kwetu haikumshika mtoto hata mmoja. Watu walihesabu miezi. Waliona kwa macho yao: alipoondoka Yustina, vifo vimekoma. Walianza kunisalimu kwa heshima mpya, wakaniletea kuku, na mwenyekiti akaandika barua wilayani kunisifu, iliyonipa ajira ya kudumu na kunipeleka hadi uuguzi mkuu na pensheni ninayokula sasa. Nikipita kisimani wanawake waliniachia zamu.

Mwishoni mwa mwaka uliofuata alikuja mke wa mwenyekiti. Alikuwa amejifungua tena, mtoto wa kike, na umri wa chanjo ulikuwa umefika. Alikaa kwenye benchi, akamfungua mtoto nguo, akanipa mkono wake mdogo bila wasiwasi wowote.

"Sasa sindano zako zinafanya kazi, sista," aliniambia, akitabasamu. "Tulimtoa aliyekuwa anaziharibu."

Nilivuta dawa kwenye bomba, nikaondoa hewa. Nikamwambia amshike mtoto vizuri, asitikisike.